Mgeni Katika Hadithi

Hapana hadithi isiyo na mipaka. Kila hadithi ina nchi yake, majira yake na watu wake. Na wasikilizaji wakiisha kuizoea mipaka hiyo, huilinda kama mkulima alindavyo mahindi yake yasiliwe na nyani. Mtungaji akithubutu kuingiza jambo jipya, hupigiwa kelele papo hapo: hili si la humu! Mwenye kupiga kelele hiyo si mtu wa kuchekwa. Ameipenda hadithi, na mtu hugombea kile akipendacho. Walakini yafaa aulizwe kwa upole: wajuaje kuwa si la humu? Swali hili dogo limenishughulisha tangu mwaka 2024, nalo lilinijia kwa njia ambayo mwalimu wa rika la baba yangu asingaliitazamia, yaani kwa njia ya mchezo wa video.

Yamkini wewe waujua mchezo huo kuliko mimi. Jina lake ni Assassin's Creed, na watengenezaji wake ni kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2007, likampeleka mchezaji katika Nchi Takatifu mwaka 1191, wakati wa Vita vya Msalaba. Matoleo yaliyofuata yalikwenda Italia, Misri ya Kleopatra, Ugiriki ya kale na kwingineko. Nchi hubadilika, lakini kazi ya shujaa haibadiliki sana: huparamia kuta, hujificha katika umati, hutokeza kisu kilichofichwa katika mkono wa nguo, na kabla watu hawajatambua lililotokea amekwisha toweka. Aghalabu shujaa huyo ni mtu wa kubuniwa. Watu wa historia hukutana naye njiani, wakasema naye, wakamsaidia au wakamsaliti.

Mwezi wa Mei 2024 kampuni ilitangaza toleo la Japani ya karne ya 16, liitwalo Shadows. Safari hii mashujaa walikuwa wawili. Mmoja ni Naoe, msichana wa kubuniwa, hodari wa kazi za siri. Wa pili ni Yasuke, mtu mweusi, Mwafrika, aliyevaa deraya za vita za Kijapani. Wapenzi wa mchezo duniani kote wakagawanyika pande mbili kana kwamba wamegawiwa shamba la urithi. Hawa walisema Mwafrika hana mahali katika Japani ya wakati ule, na kwamba amepachikwa tu ili kufurahisha watu wa zama hizi. Wale walisema kila anayelalamika anachukia rangi ya ngozi. Kwa muda mrefu pande hizo mbili hazikusikilizana hata kidogo.

Nami nafundisha Kiswahili na historia katika shule moja ya Bungoma, ingawa kwetu ni Kitale. Wanafunzi wangu wachache mno wameucheza mchezo wenyewe, kwa kuwa mtambo unaoutaka ni wa bei kubwa. Katika mabanda ya michezo ya video ya Kitale na Bungoma vijana hucheza zaidi mpira na ngumi. Lakini wameutazama ukichezwa, kwenye simu za kaka na dada zao wakati wa likizo, nao waliujadili kana kwamba babu zao ndio waliouanzisha. Siku moja, katika kipindi cha mdahalo, kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akasema kwa ufasaha mwingi kwamba kila hadithi ni mji, na mji una wenyewe. Yasuke ni mgeni, na mgeni hafanywi mwenye nyumba. Mwenzake wa nyuma akadakia, akamtaja kwa jina kijana mwingine ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka mbali, akauliza, "Na huyu je, yeye afanya nini Bungoma?" Darasa likacheka. Aliyetajwa hakucheka. Aliitazama meza yake, na kalamu aliyokuwa akiizungushazunguka vidoleni ikatulia.

Hapo, msomaji, nilitambua kuwa jambo hili si la mchezo tu. Sisi wa Trans Nzoia twalijua neno "mgeni" lina uzito gani. Mji wa Kitale ulikuzwa na watu waliotoka kwingine. Walowezi wa Kizungu walipewa mashamba baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, katika nchi ambayo Wasabaot na Wapokot waliijua kuwa malisho yao. Wafanyakazi wakaja kutoka Bungoma, Turkana na pande nyingine nyingi. Na baada ya uhuru wa mwaka 1963 wakaja wanunuzi wa ardhi na watu wa miradi ya makazi. Tena mwaka 1992 na mwaka 2008 watu waliulizana ni nani mwenyeji na ni nani mgeni, na jibu halikutafutwa kwa mdahalo. Kwa hiyo sikuliacha neno lile lipite kwa kicheko. Niliwaambia wanafunzi kwamba juma lijalo tutaendelea na Yasuke, lakini kila atakayesimama kusema sharti kwanza aseme amelijua wapi analolisema.

Nami nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, nayo hayahitaji kutiwa chumvi.

Mwaka 1579 padre Mwitaliano wa shirika la Wajesuiti, Alessandro Valignano, alishuka Japani, na katika watu wake alikuwamo mtu mweusi. Mwaka 1581 wakafika Kyoto. Watu wakasongamana kumtazama mtu yule hata milango ikavunjika. Oda Nobunaga, aliyekuwa mkuu wa vita mwenye nguvu kuliko wote katika nchi ile, akaamuru aletwe mbele yake. Hakuamini kuwa ile ni rangi ya kuzaliwa. Akataka avue nguo hata kiunoni asuguliwe, aone kama wino utatoka. Haukutoka. Mwandishi wa habari za Nobunaga aliandika kwamba mtu huyo alionekana kuwa wa miaka 26 au 27, na kwamba nguvu zake zilipita za watu 10. Mwingine aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kimo chake, nacho kwa vipimo vyetu ni karibu sentimita 188. Nobunaga akampenda, akamchukua awe mtu wake, na nakala moja ya maandishi yale yasema alipewa nyumba, posho na upanga mfupi.

Haikutimia miaka miwili. Mwaka 1582 jemadari Akechi Mitsuhide alimwasi Nobunaga na kumzingira katika hekalu la Honno-ji, naye akafa humo. Yasuke akaenda alikokuwa Nobutada, mwana wa bwana wake, akapigana hata akatakiwa autoe upanga, akautoa. Mitsuhide akasema asiuawe, kwani si Mjapani, akaamuru apelekwe kwa mapadre. Hapo habari zake zakatika. Hatujui kama alirudi kwao, wala hatujui kwao ni wapi kwa hakika. Ila Mjesuiti Mfaransa, François Solier, aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji.

Msumbiji! Niliposoma neno hilo niliona pwani yetu yote. Wareno walikuwa na ngome Sofala tangu mwaka 1505, na Goa ikawa yao tangu 1510. Na njia ya merikebu zao ilifuata pepo zile zile za kaskazi na kusi ambazo mabaharia wa Kilwa, Mombasa na Malindi walizijua kabla Mreno hajauona Mto wa Sabaki. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifika katika jumba la mfalme wa China. Ikiwa twiga aliweza kuifika China, yatushangaza nini mtu kuifika Japani? Atokaye ndani ya bara, asiyepata kuona jahazi, aweza kudhani kwamba zamani kila mtu alikaa kwao kama mti. Lakini bahari haikuwa ukuta. Ilikuwa njia, na wengine walipitishwa humo kwa hiari na wengine kwa minyororo.

Kwa hiyo wale waliosema Mwafrika hakuwako Japani walishindwa na maandishi ya Wajapani wenyewe. Lakini tusiharakishe kuwashangilia wa upande wa pili. Maandishi yale ni machache. Wanazuoni wabishana hata leo kama cheo cha samurai chamstahili mtu huyu au la, na muda wake kwa Nobunaga ulikuwa mfupi. Mchezo umempa vita, mapenzi na maneno ambayo hapana aliyeyaandika. Mtungaji ana ruhusa ya kufanya hivyo, maana hiyo ndiyo kazi yake; ila msomaji asiyanukuu maneno ya mchezo katika karatasi ya mtihani wa historia. Nimekwisha kuona jambo hilo likitendeka kwa filamu.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo nilipoona utamu wa mjadala wenyewe. Kulikuwa na kundi la tatu la wapenzi, lisilopiga makelele sana. Wao walisema: tunakubali kwamba Yasuke alikuwako, shaka yetu ni nyingine. Mchezo huu tangu mwanzo ni mchezo wa kujificha. Yasuke ni pande la mtu ndani ya deraya. Hawezi kupotea katika umati wa Kyoto, naye akipanda paa hupanda kwa shida. Mlango yeye huupasua kwa bega. Je, akiwamo yeye, mchezo bado ni ule ule?

Swali hilo lilinikumbusha kukhu yangu, mama wa baba, aliyetulea katika shamba la mahindi nje ya mji wa Kitale. Hadithi zake zilikuwa za manani, zimwi lile limezalo watu na ng'ombe na mbwa hata kijiji kikawa kitupu, mpaka kijana mdogo aliyesalia anapolikata kidole na wote waliomezwa wakatoka wazima. Kukhu alikuwa amefanya kazi katika shamba la mlowezi, na usiku mmoja manani wake akaja kijijini akiendesha trekta. Binamu zangu waliotoka Bungoma kwa likizo wakakataa. Wakasema zamani za manani matrekta hayakuwako. Kukhu akawauliza, "Na ninyi mlimwona akienda kwa miguu?" Tukanyamaza, na trekta likaendelea kunguruma hadithini mpaka likakwama topeni, jambo lililotufurahisha kupita kiasi.

Lakini usiku mwingine mdogo wangu alitaka polisi waitwe wamfunge manani pingu. Kukhu akakataa kabisa. Hakusema kwamba zamani polisi hawakuwako. Asingaliweza kusema hivyo baada ya trekta. Alisema, "Polisi wakimkamata, huyu mtoto aliyebaki atafanya kazi gani?" Mimi nilikuwa mdogo, nikaona kuwa ni ukaidi wa wazee. Leo nadhani hapana profesa aliyepata kulieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko hayo. Trekta lilikuwa geni, lakini halikumnyang'anya mtu kazi yake hadithini. Polisi wangaliinyang'anya hadithi nguzo yake, nayo ni kwamba aliye mdogo kuliko wote ndiye anayewakomboa wakubwa.

Basi nilipowapelekea wanafunzi kipimo hicho cha kukhu, mdahalo ulibadilika sura. Hawakuulizana tena kama Yasuke ni mweusi au mweupe. Waliulizana kama ameivunja nguzo. Msichana mmoja alisema haikuvunjika, kwa kuwa watengenezaji wamemweka Naoe afanye kazi ya kujificha, naye ni mwepesi kama moshi. Yasuke ni trekta tu. Tulicheka sana. Kijana yule wa kwanza, mwenye ufasaha, akajibu kwamba trekta likichukua nusu ya hadithi si trekta tena, limekuwa shamba. Jibu hilo lilinipendeza, ingawa mimi nilikuwa upande wa msichana, na bado niko. Kwa maoni yangu mtu anayeonekana na kila jicho, katika nchi ambayo kila jicho lamkodolea, ana fumbo lake la kujificha ambalo mwepesi wa kuparamia kuta halijui. Yule kijana aliyetajwa kwa jina juma lililotangulia aliinua mkono. Alisema maneno machache tu: kwamba Yasuke hakuomba kuwa mwenye nyumba, alipewa upanga na mwenye nyumba mwenyewe, na siku ya vita hakukimbia. Hakuna aliyemcheka.

Jambo moja nisingependa lipite bila kutajwa, kwa kuwa katika kelele zile lilikaribia kusahauliwa. Wajapani nao walilalamika, na malalamiko yao mengi hayakumhusu Yasuke. Walionyesha picha za tangazo zenye mikeka ya tatami ya mraba, ilhali mikeka hiyo huwa mirefu kwa kawaida. Walionyesha bendera ya kikundi cha leo cha waigizaji wa vita vya kale, iliyotiwa katika mchoro bila ruhusa. Kampuni iliomba radhi mwaka huo huo wa 2024, na kutoka kwa mchezo kukaahirishwa mara mbili, kutoka Novemba 2024 hata Februari 2025, na tena hata tarehe 20 Machi 2025. Siku moja kabla ya tarehe hiyo mbunge mmoja aliuliza katika Bunge la Japani juu ya mchezaji kuweza kuvunjavunja vitu ndani ya hekalu lililo la kweli, ambalo watu huabudu ndani yake hata leo. Waziri mkuu wa wakati huo, Shigeru Ishiba, akajibu kwamba kulichafua hekalu hakukubaliki kamwe. Kampuni ikarekebisha mchezo ili baadhi ya vyombo vya hekaluni visivunjike. Fikiri, msomaji: dunia iligombana mwaka mzima juu ya ngozi ya mtu mmoja, na wenye nchi walikuwa wakiuliza juu ya mikeka na madhabahu yao. Hilo ndilo lalamiko ninaloliona kuwa na haki kuliko yote, kwa maana hekalu halikuchorwa na mtungaji. Liko, na lina wenyewe walio hai.

Wanafunzi hawakutosheka na Japani. Wakauliza, je, mchezo kama huu ukitengenezwa juu ya kwetu utakuwaje? Wote kwa sauti moja wakataja Chetambe. Kama hupajui, ni juu ya kilima kilicho karibu na Webuye, palipokuwa na boma la Wabukusu lililozungushiwa handaki. Mwaka 1895 Waingereza, chini ya C. W. Hobley, walipeleka jeshi kuwapiga Wabukusu, wakalivunja kwanza boma la Lumboka, kisha hili la Chetambe, kwa bunduki ambazo mikuki haikuweza kuzijibu. Watu wengi walikufa, na mifugo ikatwaliwa. Handaki lingaliko, limefunikwa na majani.

Darasa lilipoanza kuorodhesha watu wa mchezo huo, waliandika kwanza Wabukusu upande huu na Wazungu upande ule, kama timu za mpira. Nikawaambia wasome. Wakasoma, wakashangaa. Katika jeshi lile Wazungu walihesabika kwa vidole. Walio wengi walikuwa askari wa Kisudani na Waganda, na pamoja nao Wawanga wa Mumias, jirani zetu wa karibu kabisa, ambao lugha yao na Kibukusu ni ndugu. Yule kijana mfasaha aliitazama orodha yake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe tukiwatoa wageni wote, vita haviwezi kupigwa." Na mwenzake akaongeza kwamba hata tukiwatoa, wengine wa waliobaki si wa upande wetu.

Wakaanza kubishana upya, na safari hii walikuwa na habari mikononi. Je, mchezaji aruhusiwe kuwa askari wa Kisudani, mtu aliyetolewa kwao Mto Nile akaja kupigana juu ya kilima asichokijua? Wengine walisema naam, kwa kuwa huyo ndiye Yasuke wetu. Wengine wakasema hapana, mtoto wa Webuye asifundishwe kulipiga boma la babu zake hata kwa mchezo. Msichana yule wa trekta aliuliza swali lililotunyamazisha sote: waliouawa wamelala pale pale kilimani, sasa katika mchezo mchezaji akikimbia juu ya handaki atakuwa anakanyaga nini? Akakumbusha hekalu la Japani.

Mimi sikulijibu, kwa sababu si langu kulijibu peke yangu. Wako wazee Webuye ambao habari za kilima kile walizipata kwa babu zao, nao ndio wenye neno. Wanafunzi wamekwisha kuchanga nauli, na mkuu wa shule ametupa ruhusa ya Jumamosi. Kijana aliyetajwa kwa jina siku ile ndiye aliyechaguliwa kuandika majibu, kwa kuwa mwandiko wake wasomeka. Nimewaagiza wasichore ramani yoyote wala shujaa yeyote mpaka wasikie wazee watasema nini juu ya handaki.